Maji Yaape Yenyewe

Mama Syombua hakufulia maji asiyoyaonja. Alichovya kidole kwenye ndoo, akakilamba, akatulia kidogo kama mtu anayejaribu kukumbuka jina, kisha akatema pembeni na kuanza kazi. Watu walimcheka. "Mama, unafua au unapika?" Yeye alijibu kwamba kwao Katangi maji yalikuwa kitu cha kutafutwa, na mtu aliyetafuta kitu maisha yake yote hawezi kukipokea hivi hivi bila kukiuliza kimetoka wapi.

Kwao walichimba maji kwenye mchanga wa mto uliokauka. Kulikuwa na shimo la kunywa, shimo la ng'ombe, na shimo la tatu ambalo hata ng'ombe walilisusia. Akiwa mtoto alitumwa na nyanya yake, na ole wake akichanganya. Jina lake Wakamba humpa mtoto aliyezaliwa wakati wa mvua, naye alisema mvua hiyo ilinyesha siku mbili tu, ikaondoka na haikuaga.

Alikuja Thika akiwa ameolewa, mumewe akifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo. Mume akafa, watoto watatu wakabaki, na yeye akabaki na mikono. Alifua. Alifulia walimu, akafulia wauza nyama ambao aproni zao zilisimama zenyewe kwa damu, na mwishowe akaandikwa kazi Ngoingwa, katika nyumba ndogo ya kujifungulia ya Mama Warigia. Hapo ndipo mimi nilipomkuta, mwaka wa tisini na sita.

Mimi naitwa Khamisa, mtoto wa Majengo, Thika. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimesoma hadi darasa la nane. Baba Junaid alikuwa ameenda Isiolo kutafuta kazi, na mimi nilikuwa na mtoto wa miezi minne mgongoni. Mama Warigia alikuwa nesi aliyestaafu, mkali wa macho lakini si wa moyo. Nilipokuja kuomba kazi hakuuliza mtoto nitamwacha na nani. Alichukua boksi lililokuwa na pamba, akalitandika blanketi, akaliweka kwenye kona ya stoo, akasema, "Huyo atalala hapo. Wewe shika ufunguo." Mpaka leo nikiona boksi la kadibodi namkumbuka yule mama, nasema alhamdulillahi.

Kazi yangu ilikuwa kutoa vitu: shuka, pamba, dawa ya kuoshea sakafu, na sabuni. Sabuni ilikuja miche mirefu. Niliikata kwa uzi, vipande vikalingana, na kila asubuhi Mama Syombua alipita kuchukua chake. Mche mmoja ulimtosha siku nne. Alifua nepi, shuka na magauni ya akina mama, na kamba ya uani ikiwa imejaa ungedhani kuna harusi.

Maji ya mfereji yalikuwa yakija Jumatano na Jumamosi tu. Nyumba ya kujifungulia haiwezi kungoja Jumatano, maana watoto hawazaliwi kwa ratiba. Kwa hiyo Mama Warigia akaita watu wa mashine, wakachimba kisima nyuma ya jikoni. Walichimba siku kumi na moja. Maji yalipotoka, mama wa watu alilia.

Siku ya kukifungua kisima kulikuwa na maombi. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, akataja Musa na mwamba, akina mama wa kanisa wakaimba, mbuzi akachinjwa. Kwa ajili yangu mimi Mwislamu, Mama Warigia alimwita mzee wa Majengo aje amchinje, nami sikulisahau hilo. Maji yalikuwa meupe kama kioo na baridi ya kuuma meno. Kila mtu alipewa kikombe. Kila mtu alisifu.

Mama Syombua alipewa kikombe. Nilikuwa nimesimama karibu naye, Junaid akivuta mtandio wangu. Alionja. Uso wake ukajikunja kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga kijiwe lakini hataki aonekane. Halafu akatabasamu, akasema kwa sauti, "Maji ni mazuri, Mungu ashukuriwe!" Akaenda kuchukua nyama.

Niliona. Sikusema kitu. Mimi ni mtu wa kuona sana na kusema kidogo, na hiyo si sifa kila siku.

Baada ya wiki tatu nilianza kuona mengine. Mche uliokuwa ukitosha siku nne sasa ulikuwa unaisha kwa siku moja na nusu. Birika la kuchemshia maji ya chupa za watoto lilifanya ukoko mweupe ndani, ukilipiga kwa kijiko unabanduka vipande vipande. Mpishi wetu, Dalmas, mtu wa maneno mengi, alilalamika kila siku. "Haya maharagwe yamenigomea. Nimeyaweka saa moja asubuhi, saa nane bado yanagonga sufuria kama mawe. Yamefunzwa na nani?" Nepi zilikauka zikawa ngumu kama karatasi ya mfuko wa simiti, na rangi yake si nyeupe tena, ilikuwa ya majivu. Na watoto walianza kutoka vipele kwenye mapaja. Junaid wangu pia. Nilimpaka mafuta, nikamfunika, nikamwambia pole.

Hayo yote niliyaona, kila moja peke yake. Sikuyaunganisha. Nadhani hata kama ningeyaunganisha ningeogopa kusema, kwa sababu maji yale yalikuwa yameombewa. Nani atasimama aseme maji ya maombi ni mabaya? Ni kama kumlaani mwenye nyumba.

Jumatatu moja Mama Warigia aliingia stoo akaniuliza sabuni inaendaje. Nilimwonyesha daftari langu. Sikudanganya. Nilisema mche ulikuwa siku nne, sasa ni siku moja na nusu. Aliangalia, akauliza, "Na akina mama wameongezeka?" Nikasema hapana. Akauliza, "Nani mwingine anaguza sabuni?" Nikasema ni Mama Syombua peke yake. Hayo ndiyo niliyosema. Ya birika sikusema. Ya maharagwe sikusema. Kikombe cha siku ya maombi ndiyo kabisa.

Alifunga daftari akaenda moja kwa moja wodini, ambako Mama Syombua alikuwa akikusanya shuka chafu. Mimi nilimfuata nyuma.

"Mama Syombua, sabuni yangu inaenda wapi?"

"Inaenda kwa nguo, Mama."

"Nguo zimeanza kula sabuni mwaka huu?"

"Mama, hata mimi nashangaa."

"Usishangae. Lete hicho kiondo chako."

Wodini kulikuwa na vitanda sita. Akina mama wawili walikuwa na watoto wa siku moja, mmoja wa kutoka Kamenu, mwingine msichana anaitwa Becky aliyeletwa na mumewe kutoka Gatongora, kule Ruiru. Wote waliacha kunyonyesha wakaangalia. Dalmas alisimama mlangoni na mwiko wake.

Mama Syombua alikabidhi kiondo. Mama Warigia akatoa kanga, akatoa kopo la uji, halafu akatoa kipande cha sabuni, kikubwa, kimefungwa kwenye karatasi.

"Na hii?"

"Ni yangu. Nimetoka nayo nyumbani."

"Nani hutoka na sabuni nyumbani akaileta kazini? Wengine wanatoka nayo kazini wakaipeleka nyumbani! Mwizi hata uongo hajui kupanga."

Neno hilo lilianguka pale wodini, mtoto mmoja akaanza kulia, na hakuna mtu aliyemnyamazisha.

Dalmas, nafikiri alitaka kupunguza moto, akasema, "Si nyinyi Wakamba mna kithitu? Apelekwe ale kiapo, yaishe."

Mama Syombua alimgeukia polepole. "Dalmas, kithitu si ugali, eti unakula ukishiba unaondoka. Kile kiapo kinafuata mtu hadi vitukuu. Mimi siwezi kuwaapishia wajukuu wangu kwa ajili ya kipande cha sabuni." Halafu akamtazama Mama Warigia. "Lakini kiapo kitakuweko. Maji yaape yenyewe."

"Maji yana mdomo?"

"Yanao. Jumatano ndiyo siku ya mfereji. Uje uani asubuhi, na mikono yako miwili. Leo na kesho mimi sifui hapa. Mtu aliyeitwa mwizi hashiki nguo za watoto wachanga."

Alichukua kiondo chake. Kipande cha sabuni alikiacha juu ya meza, akaenda.

Sasa nani afue? Nikaambiwa mimi. Jumanne niliinama kwenye karai tangu asubuhi, Junaid mgongoni, na ndipo nilipojua. Nilipaka sabuni, nikasugua, povu hakuna. Nikapaka tena. Badala ya povu ilitoka kitu kama maziwa yaliyolala yakakatika, kikanata kwenye vidole na kwenye ukingo wa karai. Kufika saa sita nilikuwa nimemaliza mche mzima, na shuka nne zilikuwa bado chafu. Mche mzima! Kama ningepimwa kwa daftari langu mwenyewe, mimi ningekuwa mwizi mara tatu.

Saa kumi nilifunga stoo nikateremka Kamenu, kwenye ploti aliyokuwa akikaa Mama Syombua. Nilimkuta akichambua mboga mlangoni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba msamaha njia nzima, lakini nilipofika nilisema tu, "Mama, ni mimi nilimwonyesha daftari."

"Najua. Kwani ungemwonyesha nini, Biblia? Keti. Huyu mtoto analia nini?"

Alimtoa Junaid mgongoni, akamfungua nepi kabla sijamjibu. Mapaja yalikuwa mekundu kama nyanya. Hakunigombeza. Alichukua maji ya mfereji aliyoyaweka kwenye mtungi, akamwosha bila sabuni, akampepea na ukingo wa kanga mpaka akakauka. "Ngozi yake haina ugonjwa," akasema. "Ni ile nepi. Sabuni haikutoka, imegandia kwa kitambaa, halafu inamsugua mchana kutwa. Kama mtu akuvishe msasa."

Nikamwambia ya mche mzima kwa asubuhi moja. Alicheka hadi akaweka mboga chini.

"Maji ya kile kisima ni magumu, mwiitu," akasema. Mwiitu ni binti kwa Kikamba, aliniita hivyo mpaka mwisho. "Yana mawe ndani, lakini mawe yameyeyuka huyaoni. Sabuni ikiingia inapigana na hayo mawe kwanza. Ikimaliza kupigana imekufa, na nguo bado zinangoja. Mimi siku ya kwanza nilijua. Si uliniona nikionja?"

"Nilikuona."

"Na ukanyamaza."

"Na wewe pia ulinyamaza."

"Wee! Ningesema aje, na mbuzi bado iko mdomoni? Mama wa watu analia kwa furaha, mchungaji amemwita Musa, halafu Syombua asimame aseme maji ni mabaya? Nilisema nitayaweza kwa mikono. Nikaongeza nguvu. Ikaisha ile ya stoo kila siku saa nne, nikaona haya kuja kwako kuomba nyingine, nikaanza kuleta yangu. Ujinga wa mtu mzima huo."

Kile kipande cha sabuni kilichomfanya aitwe mwizi, alikuwa amekinunua mwenyewe afulie watoto wasio wake.

Aliingia ndani akatoka na kopo la magadi, yale yale ya kuivishia maharagwe, akanifungia kidogo kwenye karatasi. "Rudi sasa, kabla hakujaingia giza. Jaza ndoo ya lita ishirini kwa kisima. Tia kijiko kimoja cha chai, kijae. Usitie viwili ukifikiri unasaidia. Magadi mengi yanachoma mikono na kula rangi ya nguo. Koroga, funika, usiiguse mpaka asubuhi. Na mtu yeyote akikuuliza?"

"Nitasema ni yangu, nimetoka nayo nyumbani."

Hapo tulicheka wote wawili, na mimi nikiwa na machozi.

Nikafanya alivyosema. Kama Mama Warigia angenikuta nikitia unga kwenye maji yake sijui ningekuwa wapi leo. Nilifunika ndoo na sinia, nikaenda kwetu.

Jumatano asubuhi Mama Syombua alikuja amevaa nguo ya kanisani. Alipanga makarai matatu uani, juu ya ubao. Dalmas aliacha chai ikichemka. Akina mama walioweza kutembea walitoka na watoto wao, wakasimama kwenye jua. Becky na yule wa Kamenu hawakuweko, walikuwa wameruhusiwa siku iliyotangulia.

"Khamisa, kata sabuni tatu, zilingane," akasema. Nikakata kwa uzi, kila kipande kama kiberiti. Akachukua nepi tatu chafu, akaweka kila moja pembeni ya karai lake. "Mimi siguzi kitu. Mama Warigia, toa saa uoshe."

Mama Warigia alivua saa akanipa. Karai la kwanza lilikuwa maji ya mfereji. Alipaka sabuni mara mbili, povu likapanda hadi kwenye kifundo cha mkono. Nepi ikatakata. Alirudisha sabuni ubaoni, ilikuwa imepungua kidogo tu.

Karai la pili lilikuwa maji ya kisima, yametoka pampu wakati huo huo. Alipaka, akasugua. Akapaka tena. Tulisikia tu sauti ya kitambaa. Yale mabonge ya kijivu yakaanza kuelea, yakamganda kwenye mikono.

"Endelea, Mama," Mama Syombua akasema, kwa upole kabisa.

Aliendelea. Yeye ni mtu wa kumaliza kazi. Alisugua mpaka kile kipande kikawa chembamba kama ukucha, kikavunjika, kikapotea. Nepi ilikuwa bado na doa. Alisimama wima, akishika kiuno.

"Karai la tatu ni maji ya wapi?" akauliza.

"Ni ya kisima chako hicho hicho. Khamisa ameyalaza na magadi."

Nikaleta ndoo kwa utaratibu nisiitikise. Chini kulikuwa na kitu cheupe kama unga wa mahindi umetulia. Mama Syombua aliinamisha ndoo, akamimina yale ya juu tu, polepole, akaacha ule unga chini. "Hayo mawe mnayaona? Ndiyo yalikuwa yanakula."

Mama Warigia alipaka sabuni. Povu halikuja haraka kama la kwanza, lakini lilikuja. Lilikuja, likaongezeka, likafurika. Alitazama mikono yake ndani ya lile povu, akatazama sabuni ambayo zaidi ya nusu yake ilikuwa imebaki, akakaa kwenye kreti la soda lililokuwa karibu.

"Aiya," akasema. "Kumbe ni kisima kilichokuwa kinaniibia."

"Na maharagwe yangu!" Dalmas akapiga kelele. "Miezi miwili nanunua makaa, kumbe ni maji!"

"Wewe una magadi jikoni na hukutia?" Mama Syombua akamuuliza.

"Nilitia! Mama Warigia alisema yanafanya maharagwe yanuke, akanikataza."

Watu wote walicheka, isipokuwa mmoja. Mama Warigia alikuwa akimwangalia Mama Syombua. "Ile sabuni ya kiondo?"

"Ilikuwa yangu. Yako ilikuwa inaisha na nguo bado."

"Miaka thelathini na moja mimi ni nesi," Mama Warigia akasema, kama anajiambia. Halafu akasema, "Pole, Mama Syombua. Nimekukosea sana."

"Pole nimeisikia," Mama Syombua akajibu. "Lakini Mama, mwizi uliniita wodini, mbele ya watu. Pole umenipa uani, karibu na choo."

Nilidhani sasa atafutwa kazi. Mama Warigia alifuta mikono kwenye aproni, akatuongoza wote mpaka wodini. Akasimama katikati ya vitanda sita akasema maneno yale yale tena, kwa sauti. Halafu akaniuliza, "Waliosikia siku ile ni nani na nani?" Nikamwambia wawili wameenda kwao. Akasema, "Jumamosi tutawafuata."

Nitaruka mbele kidogo kabla ya hiyo Jumamosi. Mama Syombua alirudi kazini Alhamisi. Kila jioni tulijaza mapipa mawili, tukatia magadi kwa kipimo, tukayaacha yatulie, na asubuhi tukateka ya juu kwa kata bila kuchokoza chini. Nepi zilisuuzwa mara mbili, na maji ya mwisho aliyakamulia limau, ili ukali wa magadi utoke. Ya chupa za watoto tuliyachemsha tu, yakapoa, tukamimina juu tukaacha ukoko. Mvua kubwa ya mwaka uliofuata ilipokuja, Mama Warigia alikuwa ameshafunga mifereji ya mabati kwenye paa, na tulifulia maji ya mbinguni miezi mitatu. Junaid alipona kwa wiki moja na ngozi yake haijawahi kusumbua tena. Mche ulirudi siku nne, wakati mwingine tano. Mama Syombua alifanya kazi pale mpaka magoti yalipokataa, akarudi Katangi kwa mwanawe. Mimi nilipohamia kwangu, na kisima cha ploti yetu kikawa cha aina ile ile, sikuhitaji kuuliza mtu. Naonja kwanza. Watoto wangu wananicheka.

Jumamosi, basi. Tulienda watatu, mimi nikiwa na Junaid mgongoni. Yule wa Kamenu hakutuchukua muda. Alisema yeye hakuamini hata kidogo, kwa sababu mwizi wa sabuni hawezi kuwa na mikono iliyopasuka hivyo. Tukaendelea hadi Ruiru, tukauliza njia Gatongora, tukaonyeshwa ploti ya mawe yenye mlango wa bluu.

Becky alikuwa uani, amefunga leso kiunoni, anafua. Nepi zake zilikuwa kwenye kamba, za kijivu, zimekakamaa. Alipomwona Mama Warigia alishtuka akidhani kuna shida na mtoto. Tukaingia ndani tukaketi. Mtoto alikuwa amelala kitandani. Mama Warigia hakungoja chai.

"Becky, siku ile nilimwita huyu mama mwizi, na wewe ukasikia. Hakuiba. Mimi ndiye nilikosea. Nimekuja useme umesikia."

Becky alishika mdomo. "Ai, Mama. Mimi nilishamwambia hata mama mkwe. Na jirani. Nilisema kuna mama mmoja mzee anaonekana mzuri lakini ..." Akainama. "Nisamehe."

"Uliambiwa, ukaamini," Mama Syombua akasema. "Ungejuaje? Sasa waambie na hii." Kisha akanyoosha shingo kuangalia nje. "Hayo maji unayofulia ni ya kisima?"

"Ni ya ploti. Sabuni inaisha sijui inaenda wapi."

Mimi na Mama Warigia tulitazamana.

Mama Syombua alikwenda kwenye ndoo, akachovya kidole, akalamba, akatema. Halafu akamweleza kila kitu: kijiko kimoja kijae, usitie viwili, funika, ngoja, mimina ya juu, suuza mara mbili, limau mwisho. Becky alirudia kila neno kama mtoto wa shule. Akataka kuanza pale pale. Duka la magadi lilikuwa barabarani, mwendo wa dakika kumi.

Alifungua leso, akajitanda begani, akavaa ndala. Mimi nilikuwa nimeketi hapo, mama mwenzake. Mama Warigia alikuwa hapo, nesi aliyemzalisha. Becky alimgeukia Mama Syombua.

"Mama, nishikie nyumba. Mtoto amelala, pochi yangu iko juu ya kabati, sitakawia."

Akatoka.

Mama Warigia aliitazama ile pochi, akashusha macho kwenye mikono yake. Mama Syombua hakutazama kabati. Alivuta kigoda hadi mlangoni, akaketi akiangalia nje, mgongo wima, kiondo miguuni. Baada ya muda jirani mmoja, mwanamke mwenye ndoo, alikuja akasimama uani.

"Hodi. Becky yuko?"

"Ametoka kidogo," Mama Syombua akasema. "Mimi ndiye nimeachiwa nyumba. Ulikuwa unataka nini?"